Rufaa ya PIP: uende mwenyewe, uingie kwa video, uongee kwa simu, au uache karatasi ziseme?

Mpimaji wa PIP, malipo ya ulemavu ya serikali ya Uingereza, alimuuliza mama mdogo anaendeleaje. Mama mdogo alikuwa ameketi ukingoni mwa kochi, mkongojo umeegemea goti, vidole vya mkono wa kulia vimevimba hata pete ya ndoa haivaliki tena. Akajibu, "Namshukuru Mungu, sijambo." Nikatafsiri kama alivyosema. Wiki kadhaa baadaye ripoti ikafika, na humo imeandikwa kwamba mdai mwenyewe alieleza yuko vizuri. Pointi 6. Zilizohitajika ni 8.

Sisi tumelelewa hivyo. Hujambo hujibiwa sijambo, hata na mtu aliyekesha akilia kwa maumivu. Ugonjwa husemwa baadaye, salamu zikishakwisha. Mpimaji hakuwa na habari hiyo, nami siku ile sikujua kwamba ningepaswa kumwambia.

Tukaomba uamuzi uangaliwe upya, wakakataa. Ndipo tukafika kwenye fomu ya rufaa na swali lake ambalo wengi hukwama hapo: unataka rufaa yako isikilizwe vipi? Ana kwa ana, kwa video, kwa simu, au wasome nyaraka tu bila wewe kuwepo? Tangu mwaka ule nimewasindikiza ndugu na majirani kadhaa katika safari hii, na kila mmoja huniuliza swali hilo hilo akitaraji nimpe jibu moja. Jibu moja sina. Nina mlinganisho huu.

Kwanza, uko wapi katika safari

Ninayoyaandika hapa yanahusu Uingereza yenyewe na Wales. PIP ni malipo ya ulemavu yaliyoanza mwaka 2013, yanayotolewa na wizara ya kazi na pensheni, DWP. Yana sehemu mbili: shughuli za kila siku, na kutembea. Kila sehemu ina pointi zake: ukipata 8 unalipwa kiwango cha kawaida, ukipata 12 unalipwa kiwango cha juu. Kwa mwaka wa fedha 2025/26, sehemu ya shughuli za kila siku peke yake ilikuwa pauni 73.90 kwa wiki kwa kiwango cha kawaida na 110.40 kwa kiwango cha juu. Basi pengo la pointi mbili si jambo dogo katika nyumba inayohesabu senti za mita ya umeme.

Ukikataliwa, au ukipewa kidogo, huwezi kukimbilia rufaa moja kwa moja. Unaanza kwa kuiomba DWP iangalie upya uamuzi wake, ndani ya mwezi mmoja tangu tarehe iliyo kwenye barua. Wakikujibu kwa barua ya pili, una mwezi mmoja mwingine wa kukata rufaa, kwa fomu ya SSCS1 au kwa mtandao wa serikali. Ukichelewa bado unaweza kuomba ukieleza sababu, lakini kuna ukomo: miezi 13. Rufaa haina ada. Na haisikilizwi na DWP bali na baraza huru, ambalo sisi huliita korti, ingawa halina kizimba wala mtu wa kufungwa.

Aliyeko Scotland ana mfumo wake. Huko PIP imeachia nafasi Adult Disability Payment, na hatua zake zina majina na muda tofauti. Ireland ya Kaskazini nayo ina ofisi zake. Anayepinga uamuzi wa malipo mengine ya DWP, Universal Credit au ESA, kuhusu uwezo wa kufanya kazi anaweza kuutumia mlinganisho huu, ila atakutana na watu wawili, jaji na daktari. Kwenye PIP huwa watatu: jaji, daktari, na mjumbe mwenye uzoefu wa mambo ya ulemavu.

Mambo ya kupimia

Nitazipima njia zote nne kwa mambo yale yale. Kwanza, baraza litaona na kusikia nini juu yako. Pili, lugha, maana wengi wetu tutapita kwa mkalimani. Tatu, mwili na akili yako siku yenyewe. Nne, maandalizi na gharama. Mwisho, njia hiyo inamfaa nani.

Kabla ya yote, shika jambo hili: baraza haliulizi unaumwa ugonjwa gani. Linauliza unaweza kufanya nini, na unakifanya vipi. Kanuni inataka kazi iweze kufanyika kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, kila inapohitajika kurudiwa, na bila kuchukua muda uliopitiliza. Na inataka tatizo liwepo katika siku zinazozidi nusu ya siku zote. Kwa hiyo njia bora kwako ni ile itakayobeba habari hizo mpaka mezani pao bila kumwagika njiani.

Ana kwa ana

*Wanachoona.* Chumba cha kawaida, meza ndefu, majagi ya maji. Jaji havai joho. DWP inaweza kuleta mtu wake, lakini mara nyingi kiti hicho hubaki kitupu. Wanakuona unavyoingia, unavyojishusha kwenye kiti, unavyoinuka baada ya dakika arobaini. Watakuuliza umefikaje: kutoka kituo cha basi hadi mlangoni umesimama mara ngapi? Maswali hayo si ya kuzugia. Pointi za kutembea zinahesabiwa kwa mita. Anayeweza kupita mita 50 lakini si zaidi ya 200 anapata pointi 4, asiyeweza kuzidi mita 20 anapata 12.

Mama mdogo alichagua njia hii. Daktari wa baraza alimuuliza kama anapika, naye akajibu haraka, "Napika." Moyo wangu ukashuka. Lakini daktari hakuishia hapo. Akamwambia, nieleze chakula cha jana. Ulikuwa ugali. Nani aliteka maji? Binti. Nani aliinjika sufuria? Binti. Nani alisonga? Mama mdogo akaangalia vidole vyake, akasema, "Mimi niliketi jikoni nikimwambia unga umetosha." Hicho ndicho alichokuwa anakiita kupika. Nyumba ni yake, jiko ni lake, na kwa mama wa kwetu kusema hapiki tena ni kama kusema amevuliwa cheo. Kanuni haijali ugali wa familia, inauliza chakula chepesi cha mtu mmoja. Basi daktari akahamia viazi: unaweza kumenya viazi viwili? Mama mdogo akanyoosha mkono kama anayeshika kisu, vidole vikagoma kufunga. Watu watatu wakaviona. Hakuna karatasi katika kabrasha letu iliyosema jambo hilo kwa uwazi namna ile.

Upande wa pili wa shilingi ni kwamba wanaona hata kile unachotamani wasikione. Ikitokea siku ile umeamka vizuri, watamwona mtu aliyeamka vizuri. Usiigize, maana madaktari wanatambua. Useme: leo ni siku nzuri, kwa wiki napata mbili za hivi, na kesho nitalipa safari hii kwa kulala mchana kutwa.

*Lugha.* Mkalimani yupo chumbani nawe, na baraza ndilo linalomlipa. Hapa kuna faida ambayo wengi hawaifikirii. Kiswahili chetu kina neno moja, mkono, kuanzia begani hadi ncha za vidole, na neno moja, mguu, kuanzia nyonga hadi unyayo. Kiingereza kimevigawa. Ukisema mkono unakufa ganzi, mkalimani lazima achague, na akichagua vibaya daktari atatafuta ugonjwa mahali usipokuwepo. Mkiwa chumba kimoja unagusa tu: hapa, kutoka kiwiko mpaka hapa. Mambo yamekwisha.

*Mwili na akili.* Safari inachosha, na ukumbi unaweza kuwa mji wa jirani. Omba mapema unachohitaji: kiti chenye mgongo, mapumziko, nafasi ya gari la mlemavu, chumba kisichohitaji ngazi. Mwenye kuogopa watu au kupata hofu ya ghafla anaweza kuganda kabla hajafika mlangoni.

*Maandalizi na gharama.* Nauli ya basi au treni, na mafuta ya gari, unaweza kudai urudishiwe, basi tunza tiketi na risiti. Teksi omba kibali kwanza, usipande halafu ukadai. Mara nyingi kikao huisha ndani ya saa moja, na mara nyingi unapata uamuzi siku hiyo hiyo au kwa posta muda mfupi baadaye.

*Inamfaa nani.* Mtu ambaye mwili wake unasema kuliko faili lake. Mwenye matatizo ya viungo, ya kutembea, ya mikono. Pia mtu ambaye ripoti ya mpimaji imempaka sura isiyo yake, na anataka kuonekana kwa macho.

Kwa video

*Wanachoona.* Uso na mabega, basi. Hawakuoni ukiinuka wala hawakuoni ukitembea. Lakini wanakuona unavyosita, unavyopoteza uzi wa maneno, unavyomtazama mwanao upate jibu, na kwa mwenye matatizo ya kumbukumbu au ya akili hayo ndiyo yenye uzito. Kijana mmoja niliyemsindikiza alikuwa hawezi kukaa chumbani na watu asiowajua. Akiwa kitandani kwake, pazia limeshushwa, dada yake pembeni, alizungumza dakika hamsini. Ukumbini asingefikisha tano.

*Lugha.* Mkalimani anaingia kwenye video naye, kutoka aliko. Sauti zikipishana maneno yanapotea, kwa hiyo sema sentensi mbili, nyamaza, mwache atafsiri. Kiungo bado unaweza kukionesha, ukikumbuka kuinua mkono mpaka kwenye kamera. Goti halioneshwi kirahisi hivyo.

*Mwili na akili.* Hakuna safari, na unaweza kuomba ulale kidogo ukichoka. Tatizo ni faragha. Nyumba zetu zina watu, watoto wanapita, mgeni anabisha hodi, na kuna mambo ya choo na ya kuoga ambayo mama hatayasema mkwewe akiwa sebuleni. Panga watu watoke.

*Maandalizi na gharama.* Unahitaji simu janja au kompyuta, intaneti isiyokatika, na baruapepe utakayotumiwa kiungo cha kuingilia. Baraza linaweza kukupa jaribio kabla. Ukitumia bando la simu, hakikisha linatosha saa moja na nusu ya video, kisha chomeka chaja. Na usirekodi. Kurekodi kikao bila ruhusa ni kosa la jinai. Baraza linarekodi lenyewe, na unaweza kuiomba rekodi hiyo baadaye.

*Inamfaa nani.* Anayeweza kueleza lakini hawezi kusafiri. Mwenye maradhi ya akili, uchovu usioisha, au kinga dhaifu. Si mwenye simu iliyopasuka kioo inayozima kila baada ya dakika ishirini.

Kwa simu

Njia hii ilishamiri wakati wa korona, kuanzia mwaka 2020, na ikabaki.

*Wanachosikia.* Sauti yako tu. Ukinyamaza kwa sababu maumivu yamepanda, wao wanasikia ukimya. Ukitikisa kichwa, hawakuoni. Hivyo kila kitu lazima kipite mdomoni: "Naomba nisimame kidogo, mgongo umekaza." "Subirini, nimesahau swali." Ukijua kusema namna hiyo, simu inatosha. Tatizo letu ni lile lile la salamu. Kwenye simu, "niko sawa" ndiyo kauli ya kwanza inayotoka, na hakuna uso wa kuikanusha.

*Lugha.* Hapa ndipo simu inapokuwa ngumu kuliko zote kwa Mswahili. Kuna watu wanne au watano kwenye laini, mkalimani haoni unapogusa, na neno mkono linarudi kuwa fumbo. Jizoeze kutaja: bega, kiwiko, kifundo cha mkono, kiganja, nyonga, paja, goti, kifundo cha mguu, unyayo. Sema kisukari badala ya sukari, na shinikizo la damu badala ya presha, uone kama mkalimani anakufuata. Halafu kuna saa zetu. Ukisema dawa unakunywa saa mbili, mkalimani akiteleza kidogo jaji ataandika saa nane. Ongeza daima asubuhi, mchana au usiku. Wito nao usome vizuri: kikao cha 10:00 ni saa nne asubuhi. Nimeshuhudia mtu akikosa simu kwa sababu ndugu aliyemsomea barua alimwambia saa kumi, na saa kumi kwake ni jioni.

*Mwili na akili.* Ndiyo njia laini kuliko zote kwa mwili. Unajilaza, unajifunika, hakuna anayekuangalia. Kwa baadhi ya watu, hasa walioumizwa na wenye mamlaka walikotoka, kutoonekana kunawapa ujasiri wa kusema.

*Maandalizi na gharama.* Kidogo sana. Pokea namba usiyoijua siku hiyo, maana inaweza kuwa baraza. Kabrasha la rufaa liwe mapajani, kurasa zimewekewa alama, kwa sababu jaji atasema nenda ukurasa fulani na huwezi kumchungulia jirani. Mwakilishi wako anaweza kuunganishwa kutoka ofisini kwake.

*Inamfaa nani.* Msemaji mzuri mwenye intaneti mbovu. Anayezungumza Kiingereza cha kutosha bila mkalimani. Mgonjwa wa kitandani asiyetaka kuonekana.

Kwa nyaraka tu

Watu huichagua kwa hofu, na hofu yao naielewa. Korti ni neno zito. Lakini tuitendee haki, maana ina mahali pake.

*Wanachoona.* Kabrasha, yaani rundo la kurasa zilizopewa namba ambalo DWP inalituma kwa baraza na kwako: fomu yako ya kwanza, ripoti ya mpimaji, barua za uamuzi, sababu zako za rufaa. Kama ripoti imeandika kwamba ulisema uko vizuri, sentensi hiyo itakaa pale ikisomwa na watu watatu, na wewe hupo kuijibu. Isipokuwa umeijibu kwa maandishi. Ndiyo maana njia hii inadai kazi kubwa ya kalamu: ukurasa kwa ukurasa, mpimaji kasema hivi, ukweli ni huu, ushahidi uko ukurasa ule.

*Lugha.* Siku ya uamuzi hakuna mkalimani wa kukosea. Mzigo wa tafsiri unahamia mapema, kwa anayekusaidia kuandika Kiingereza. Kaa naye mkisoma sentensi moja moja, akusomee kwa Kiswahili alichoandika, mpaka useme ndiyo, hiyo ni mimi.

*Mwili na akili.* Huna kikao cha kukukosesha usingizi. Mama aliyebakwa vitani Kongo hatahitaji kuulizwa na mgeni kwa nini hawezi kupanda basi lililojaa wanaume. Barua ya mtaalamu wake inaweza kulisema mara moja kwa wote.

*Maandalizi na gharama.* Mara nyingi huamuliwa mapema kuliko zinazosubiri kikao, na huna nauli. Lakini ushahidi lazima uwe mzito: barua ya GP, yaani daktari wako wa kawaida, au ya mtaalamu isiyoishia kwenye jina la ugonjwa bali inaeleza usichoweza kufanya, taarifa ya anayekuhudumia, na daftari la wiki mbili ulilojaza siku kwa siku. Jumatatu, nilioga kwa kusaidiwa, nilikaa kwenye beseni dakika kumi nisiweze kuinuka. Mistari ya namna hiyo ina nguvu kuliko kurasa tatu za malalamiko.

*Inamfaa nani.* Mwenye ushahidi unaojitosheleza, au mwenye ugomvi mwembamba wa kisheria, mathalani tarehe ya kuanza kulipwa. Na mtu ambaye kuongea kwenyewe kutamdhuru. Nisiseme uongo: washauri wa malipo wengi huwahimiza watu wahudhurie, kwa sababu waliojitokeza wamekuwa wakifanikiwa zaidi kuliko walioacha karatasi ziamue. Na fahamu kwamba baraza lina haki ya kukataa kuamua kwa nyaraka. Wakiona maswali hayajibiki bila wewe, watakuita.

Yasiyobadilika uchague lipi

Baraza linaangalia hali ilivyokuwa siku DWP ilipotoa uamuzi, si ilivyo leo. Ukizidiwa baada ya hapo, hilo linaweza kuhitaji kuripotiwa kwa DWP kama mabadiliko au kuwa dai jipya, hivyo pata ushauri. Ushahidi wa baadaye bado unafaa ikiwa unaeleza ulivyokuwa siku ile.

Baraza linaweza pia kupunguza ulichopewa. Aliyenyimwa kabisa hana cha kupoteza. Mwenye kiwango cha kawaida anayetaka cha juu akae na mshauri kwanza, na kama hatari ni kubwa, anaweza kuiondoa rufaa kwa maandishi kabla ya siku ya kikao.

DWP inaweza kukupigia kabla ya kikao ikupe kiwango fulani ili mambo yaishe. Pengine ni haki yako yote, pengine ni nusu. Hulazimiki kujibu papo hapo. Mwambie akuandikie, kisha uulize.

Msaada wa sheria wa serikali kwa hatua hii kwa kawaida haupo. Wapo Citizens Advice, vituo vya sheria vya jamii, na katika baadhi ya halmashauri wapo maofisa wa haki za malipo. Usimlipe mtu wa mtaani anayekuahidi kwamba anawajua majaji.

Kwa hali yako

Ukiwa umekataliwa kwa sababu ya kutembea au mikono, na unaweza kusafiri hata kwa taabu, mimi ningekuelekeza ana kwa ana. Ukiwa huwezi kutoka nyumbani kabisa, video, na kama vifaa havipo, simu. Mgonjwa mahututi asiyeweza lolote kati ya hayo anaweza kuomba baraza lije nyumbani. Ni nadra kukubaliwa, lakini kuomba si kosa.

Kama tatizo ni akili, hofu au kumbukumbu, jiulize unaongea vizuri zaidi ukiwa wapi. Wapo wanaofunguka wakimwona mtu usoni, wapo wanaofunguka wasipoonekana. Muulize pia anayeishi nawe, kwa kuwa anajua jibu kuliko wewe. Anaweza kuja kama shahidi na kueleza anachokifanya kwa niaba yako kila siku. Kukalimani hatoruhusiwa, na ni vizuri hivyo: mtoto asibebeshwe kazi ya kutamka aibu za mama yake mbele ya majaji.

Kama Kiingereza chako ni cha dukani, usichague simu kwa sababu tu ni rahisi. Na kwenye kisanduku cha mkalimani usiandike Kiswahili ukaishia hapo. Andika ni cha wapi. Aliyekulia Bukavu na aliyekulia Pemba wote wanasema Kiswahili, lakini mmoja akieleza maumivu kwa haraka mwingine ataambulia nusu. Mtu wa Barawa, Somalia, anayesema Chimiini, Kiswahili cha kwao, ndiye anayeumia zaidi kwa hili. Ukifika ukaona hamuelewani na mkalimani, sema hapo hapo, kabla ya swali la pili. Jaji anaweza kuahirisha. Ukivumilia kwa heshima mpaka mwisho, itakuwa vigumu kuirudia.

Kama una faili zito na moyo mwepesi wa kuvunjika, nyaraka. Ila mpe mtu mwingine alisome kabrasha zima kama mgeni asiyekujua, kisha akueleze ameona mtu wa namna gani humo. Akikuelezea wewe, tuma. Akikuelezea mwingine, badilisha njia. Unaruhusiwa kuliandikia baraza kwamba umebadili nia na sasa unataka kusikilizwa, mradi uandike kabla hawajaamua.

Ukishindwa, hujafika mwisho. Omba sababu za uamuzi kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja, maana bila hizo ni vigumu kwenda Baraza la Juu, na kule huendi kwa sababu hukuridhika bali kwa sababu sheria ilikosewa.

Na lile swali la kwanza litakuja, kwa njia yoyote utakayochagua kati ya tatu za kuongea. Jaji atakuuliza hali. Mama mdogo tulimfanyisha mazoezi wiki nzima, jikoni, binti akijifanya jaji. Siku yenyewe akaulizwa, akavuta pumzi, akasema: "Nimefika salama, asante. Lakini sijambo ni salamu tu. Naumwa, na nitawaeleza."